Wanakuja, Una Hakika?

Ipo sentensi ya neno moja inayoweza kuhamisha kijiji kizima usiku. "Wanakuja." Basi, ndiyo hiyo. Haina jina la mtu, haina mahali, haina saa. Ukimpa mwalimu wa sarufi ataitia alama ya vema, kwa sababu Kiswahili hakiidai kitu zaidi: wa- ya watendaji, -na- ya wakati, kitenzi, nukta. Imekamilika. Lakini isikie ukiwa Garsen, au Tarassa, au Ngao, katika mwaka ambao watu wa huko hawahitaji kutajiwa, ndipo utaona ilivyo na pengo. Wanakuja akina nani? Kutoka wapi? Nani kawaona?

Nataka tuisome sentensi hii kama tunavyosoma shairi, polepole na kwa ubishi. Tuisome pamoja na jibu lake, ambalo nalo lilizaliwa Tana Delta na lina maneno mawili tu: "Una hakika?" Najua kuna atakayesema hii si fasihi. Sawa. Mimi nimesoma diwani nzima nzima ambazo hazikumtoa mtu hata kwenye kiti.

Kwa ambaye hajawahi kupita huko: ukipanda basi Malindi kwenda Lamu unafika Minjila, pale njia inapogawanyika, moja ikashika Hola na Garissa, nyingine ikapinda kuelekea Witu na Mokowe. Garsen iko hapo jirani. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukifika huku umeshachoka. Unatanuka, unajigawa, unakuwa maziwa na vinamasi, hadi unamwaga maji yake baharini kule Kipini. Wapokomo wanalima kandokando yake: mpunga, ndizi, maembe. Waorma na Wawardei wanafuga, na kiangazi kikishika huteremsha ng'ombe deltani kwa sababu huko ndiko nyasi zilikobaki. Njia ya mifugo ya kufikia maji inaitwa malka. Shamba likiziba malka, au ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, maneno yanaanza. Tunapenda kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo ukiipeleka Garsen inakuwa ya ajabu kidogo, maana huko nyasi si mtazamaji aliyekanyagwa kwa bahati mbaya. Nyasi ndiyo kesi yenyewe.

Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa Reketa, karibu na Tarassa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikafuata Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako polisi nao waliuawa. Desemba ikawa Kipao. Ukijumlisha, waliokufa katika miezi ile walipita mia moja, na maelfu walihama. Makusudi kabisa sisemi hapa kijiji kipi kilikuwa cha nani na aliyeanza ni nani. Anayetaka kujua atajua, si siri. Ila nimeona mara nyingi mno mazungumzo kuhusu Tana yakifika hapo na kufia hapo: mmoja anataja Reketa, mwenzake anajibu Chamwanamuma, wa tatu anarudi 2001, na kila kijiji kinageuka kuwa karata ya kupigia mezani.

Uvumi haukuanzisha vita vile. Ardhi na maji vilitosha, na juu yake kulikuwa na uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza wa kaunti, ambao kila mtu alijua ungegawa viti vipya na pesa mpya. Lakini uvumi ulichukua hofu iliyolala na kuiamsha kwa jina lake. Mtu aliyeambiwa "wanakuja" ana njia mbili tu, akimbie au awahi yeye kwenda.

Turudi kwenye sentensi. Kiswahili kina namna nyingi za kusema jambo bila kulidhamini. Nasikia. Inasemekana. Yasemwa. Na dogo kuliko yote, eti, ambalo wengi wetu Kenya tunalitamka ati. "Eti wanakuja" si sawa na "wanakuja." Eti ni mkono ulioinuliwa: mimi nimesikia tu, msinishike. Sasa ifuate sentensi inavyotembea. Mama wa kwanza kasikia kitu kikivunja vijiti msituni, anamwambia jirani, eti wanakuja. Jirani anampigia dada yake simu, salio linakaribia kwisha, ana haraka, eti inaanguka njiani. Dada anasema wanakuja. Mume wa dada anasema wanakuja leo. Wa tano anasema wanakuja leo usiku kutoka ng'ambo ya mto, na ana hakika kuliko yule mama aliyesikia vijiti. Tumezoea kuusifu utanzu simulizi kwa namna wimbo unavyokua kila unapopita kinywa kipya. Huu nao umekua hivyo hivyo. Ni usanii ule ule, wa watu wale wale, na sioni kwa nini tuupokee ukiwa ngano na tuukane ukiwa uvumi.

Na ile wa-. Kwa kawaida kiambishi hiki hurejelea watu waliokwisha tajwa: wageni wamefika, wanakula. Hapa hawajatajwa, kwa hiyo msikilizaji anawajaza mwenyewe. Mpokomo anajaza wake, Muorma anajaza wake. Sentensi moja inaweza kuwakimbiza watu wa vijiji viwili usiku mmoja, kila kijiji kikikimbia kingine. Hiyo ndiyo nguvu yake mbaya: haimtukani mtu. Tangu sheria ya 2008 tunayo Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, kazi yake mojawapo ni kufuatilia matamshi ya chuki, na kila msimu wa uchaguzi tunasikia ikionya wanasiasa juu ya maneno fulani. Lakini katika "wanakuja" neno la kupeleka kortini ni lipi? Hakuna. Chuki yote imo katika kilichoachwa. Sisi wahakiki tukiona hivyo kwenye shairi tunapiga makofi, tunasema mshairi ameacha nafasi ya msomaji.

Sasa jibu. Baada ya mapigano yale, shirika la Kanada linaloitwa Sentinel Project, likishirikiana na watafiti wa iHub ya Nairobi, lilianzisha Tana Delta huduma ya simu iliyopewa jina Una Hakika. Kilichonivutia ni udogo wake. Hukuhitaji simu ya bei. Hata kile kisimu cha tochi kilitosha. Ukisikia jambo, ulilituma kwa ujumbe mfupi bila kulipa. Watu wa mradi, pamoja na mabalozi wa kujitolea waliokuwa vijijini, walilifuatilia: waliuliza huku, waliuliza kule, kisha waliwarudishia waliojiandikisha walichokipata. Hawakuwaambia watu wasigombane. Hawakuleta mabango ya mikono inayosalimiana, au kama waliyaleta, si hayo yaliyobaki kichwani mwangu. Waliuliza swali.

Jina hilo nalisoma kama kazi ya fasihi, na kama kazi ya fasihi ni nzuri kuliko wengi wanavyofikiri. Kwanza, limeundwa kwa "una", yaani unacho. Kwa Kiswahili hakika ni kitu unachokuwa nacho, kama pesa. Una hakika ni ndugu wa una nauli. Na pale Minjila, makanga akikuuliza una nauli, hakutukani na wala hakuhukumu. Anataka kuiona. Kama huna, unashuka, basi linaondoka, na kesho mnaweza kusalimiana. Uvumi mwingi ni abiria asiye na nauli ambaye tumempakia kwa sababu ameingia akipiga kelele na wote tukaona aibu kumwuliza.

Pili, tazama u-. "Wanakuja" ni wengi wasio na uso. "Una hakika" ni wewe, mmoja, uliyesimama hapa mbele yangu. Swali linaigeuza shingo ya mazungumzo: tulikuwa tunatazama ng'ambo ya mto, sasa tunakutazama wewe. Umesikia kwa nani? Ulikuwa wapi? Ghafla habari inapata mwenyewe. Sijui kama waliolichagua jina walifikiria viambishi. Nadhani hapana. Haidhuru, jina linafanya kazi hata kama waliolibuni walikuwa wanatafuta tu kitu kifupi cha kuandika kwenye fulana.

Lakini nina ugomvi nalo pia. Jaribu kulisema kwa sauti. Lisema kwa upole kwa mtu anayetetemeka, ni msaada. Lisema ukiwa umekunja uso na umeinua kidevu, kwa ile lafudhi yetu ya Mombasa, na maana yake ni muongo wewe. Hapa Pwani vita vya jikoni vimeanza kwa "una hakika?" moja tu iliyopandishwa sauti mwishoni. Ujumbe wa simu hauna sauti, kwa hiyo umenusurika, ila usidhani ukilibeba swali hilo na kwenda nalo kwenye kikao cha familia utarudi salama.

Halafu kuna lugha yenyewe. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili. Mpokomo akisikia "una hakika" anasikia kitu kilicho karibu na nyumbani. Kiorma ni cha jamaa nyingine kabisa, jamaa ya Kioromo, na Muorma amejifunza Kiswahili sokoni, shuleni, au kituo cha polisi. Tunapenda kukisifia Kiswahili kuwa uwanja wa wote. Kweli ni uwanja wa wote, ila kuna aliyezaliwa jirani na goli. Swali la haki linaloulizwa kwa lugha iliyo binamu wa upande mmoja linahitaji watu wa pande zote mbili walibebe kwa miguu, waliseme tena kwa lugha ya mama. Kwangu mimi mabalozi wa vijijini ndio waliokuwa huduma yenyewe. Namba ya simu ilikuwa kengele ya mlangoni tu.

Na hakika huchelewa. Uvumi unasafiri usiku, uthibitisho unasubiri pikipiki ya asubuhi. Hapo sina jibu.

Hebu tutoke deltani kidogo tushuke pwani, maana mtu asije akadhani sisi tulisubiri simu ndipo tujifunze kubishana. Kujibizana ni fani yetu ya kale. Muyaka wa Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akirushiana mashairi na malenga wa Lamu, Zahidi Mngumi akiwamo, wakati miji hiyo miwili ikinoleana mapanga. Kanuni ya mchezo unaijua hata kama hukuwahi kuiandika: ukijibiwa kwa vina fulani, unajibu kwa vina hivyo hivyo. Mizani zile zile, nane kwa nane. Watu husema kanuni hii ni pambo, na wakati wa ule mgogoro mkubwa wa ushairi wa miaka ya 1970, wanajadi na wanamapinduzi walipokamatana mashati, vina vilishtakiwa kuwa pingu. Mimi naona vilikuwa na kazi moja ambayo haikutajwa vya kutosha katika ugomvi ule. Huwezi kujibu kwa vina vya adui yako kabla ya kumsikiliza hadi mwisho wa kila mshororo. Unaweza kumchukia, lakini umelazimika kumsoma. Umemhesabu silabi. Nionyeshe mjadala mmoja wa leo ambapo mtu amemsikiliza mpinzani wake kiasi cha kujua sentensi yake ilimalizikia silabi gani.

Hata kurasa za mashairi za magazeti, ambazo vijana tunazicheka kidogo, zimeilinda adabu hiyo. Malenga anamwomba mhariri nafasi, anamtaja anayemjibu kwa jina lake, anamsalimu, kisha anamchana. Salamu kwanza, kisu baadaye. Ukiwaza, ndivyo hata bifu la marapa linavyokwenda likiwa zuri: lazima ulitaje jina, lazima umjibu alichosema na si ulichotamani angesema, na lazima ujibu ukiwa ndani ya mdundo. Anayetoka nje ya mdundo ili atukane zaidi, wasikilizaji wanamwona ameshindwa.

Hapa ndipo ningeweza kumaliza kwa furaha, nikakushauri ujibu maudhi kwa vina na uende zako. Tatizo ni historia. Mashairi yale ya Mombasa na Lamu hayakuzuia vita vya Shela. Vita vilipiganwa, miaka ya 1810, Lamu ikashinda, Mombasa na Pate wakarudi na maiti. Tena mengine kati ya mashairi yale yalikuwa yanachochea. Ndiyo kazi yaliyotungiwa. Na karne moja na nusu baadaye, huko huko Lamu, kwenye uchaguzi wa ubunge katikati ya miaka ya 1970, Mahmoud Ahmed Abdulkadir akatunga Kimondo, wapinzani wakajibu, kanda zikapigwa majumbani, na mji ukajua kwa urari wa vina nani anamwonaje nani. Ni ushairi wa hali ya juu. Si mkutano wa amani. Mtu anayekuambia kwamba mababu walibishana kwa staha hajawasoma mababu.

Kwa hiyo sidai kwamba umbo linatakasa maneno. Nadai kitu kidogo zaidi. Katika majibizano kuna mwenye kusema na kuna anayeambiwa, na wote wawili wanabaki mjini kesho. Watunzi wa tenzi mara nyingi hufika mwisho wakataja majina yao, wakataja mwaka, wakaomba radhi kwa makosa. Fikiria hilo: mtu amemaliza beti mia mbili na bado anasema kama nimekosea nisahihisheni. "Wanakuja" haina beti hilo la mwisho. Haiwezi kusahihishwa kwa sababu hakuna wa kumrudishia.

Na kama ni habari ya kuishi katikati ya maneno mabaya, Tana Delta inaye mwalimu wake wa zamani kuliko wote. Fumo Liyongo ni mtu wa huku. Makaburi na kumbukumbu zake zinatajwa Kipini na Ozi, pale mto unapoingia baharini. Utenzi tunaousoma wengi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na wengi tuliufunga tulipomaliza mtihani. (Upande wa Wapokomo zipo simulizi zinazomkumbuka kama bwana aliyewatoza ushuru. Shujaa wa mmoja ni mkusanya kodi wa mwingine, na kitabu cha shule hakikutuambia.)

Liyongo amefungwa gerezani na mfalme wa Pate. Mama yake kila siku anamtuma kijakazi Saada na chakula, na walinzi wanachukua kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anatunga maneno, anampa Saada ampelekee mama, walinzi wanayasikia na hawayaelewi. Mama anaelewa: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Mkate unafika. Walinzi wanautazama, wishwa, chakula cha mtumwa, wanaudharau. Unapita. Kisha Liyongo anaomba watu wacheze gungu nje, anawafundisha wimbo, na pembe na matoazi yanapolia yeye ndani anakata minyororo.

Shuleni tuliambiwa hii ni hila ya shujaa. Mimi nikiisoma leo naona kisa cha wasomaji wabaya. Walinzi wamekaa mlangoni siku zote wakipokea kila kinachopita, na kazi yao ni kukagua, lakini wanakagua kwa tamaa. Kizuri wanakula, kibaya wanadharau. Hawajawahi kuuvunja mkate wakatazama ndani. Nami nimewahi kuwa mlinzi wa aina hiyo, na nadhani nawe pia. Habari ikija imekolezwa sukari ya kutufurahisha, yaani inathibitisha kwamba wale ni wabaya, tunaimeza mlangoni. Ikija ya wishwa, kavu, haina adui ndani yake, tunaiacha ipite bila kuigusa. Na kelele? Liyongo hakuwaomba watu wanyamaze ili afikiri. Alizitumia kelele. Wao wakicheza, yeye alikuwa na kazi yake ya mikono.

Lakini utenzi hauishii hapo, na nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Maadui walishindwa kumuua kwa mishale. Aliyemuua ni mwanawe, kwa swali. Alitumwa amwulize baba, kitu gani kinaweza kukuua? Aliuliza kwa upole, nyumbani, kwa sauti ya mtoto. Liyongo alijua ametumwa. Alikuwa na hakika, ile hasa tunayoidai kwenye simu. Akajibu hivyo hivyo: sindano ya shaba, kitovuni. Kila nikijenga hoja kwamba hakika inaokoa, beti hizo zinasimama njiani. Na maneno yaliyomuua hayakuwa na tusi hata moja. Tunaogopa sana makelele na matusi, tunayawekea tume na kanuni, na huenda hatari kubwa zaidi inakuja ikiwa imetusalimu vizuri.

Niseme na langu, maana nimeuliza wengine mno. Msimu mmoja wa mafuriko, mto ulipopanda na njia ya Garsen ikawa mashakani, nilipata ujumbe Mombasa: daraja limekwenda. Sikujua umetoka kwa nani. Ulikuwa umeandikwa kwa uhakika, na mimi nilikuwa na mapenzi. Nikampelekea shangazi yangu kule ng'ambo, ambaye alikuwa atoke alfajiri na mjukuu kwenda kliniki Malindi. Nilijiona mtu wa maana sana, mtoto wa mjini anayewajali watu wake. Shangazi akaahirisha. Daraja lilikuwepo. Magari yalipita siku ile yote; ni kesho yake ndipo maji yalipofunika barabara kweli, na mtoto akakaa na homa siku tano zaidi.

Alipona. Shangazi hakunigombeza. Aliponipigia aliniuliza tu, kwa Kipokomo kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisijifanye sikuelewa: mwanangu, wewe uliliona? Nikamwambia hapana shangazi, niliambiwa. Na nani? Nikafungua simu kutafuta, nikapanda juu, nikapanda juu zaidi, nikafika kwa rafiki ambaye naye alikuwa ameupokea. Shangazi alikuwa bado yuko kwenye laini, anasubiri jina.